Seramiki inagoma kuvutika kwenye joto kali: chunguza mipaka ya chembe kabla hujalaumu tanuru

Hii ni kwa wale wanaovuta na kubana seramiki kwenye joto kali, hasa nyie mlioko Kampala, Mbarara, Tororo na kwingineko mnaofanya kazi na tanuru moja na mashini moja ya kuazima. Seramiki ni fuwele ndogondogo zilizoshikana: kila fuwele ndiyo chembe, na pale chembe mbili zinapokutana ndipo mpakani. Maswali yanayonifikia yanafanana sana: poda nimenunua ileile ya kwenye makala, joto nimeweka lilelile, chembe nimepima ni ndogo, mbona kipande changu kimekatika kikiwa kimerefuka asilimia 15 tu na Wajapani wamevuta mpaka asilimia 1000? Na karibu kila anayeuliza anakuja na mshtakiwa tayari. Tanuru. Ama thamokapo, kile kipimajoto cha tanuru. Ama umeme.

Sasa tumtetee mshtakiwa kidogo. Chukua zirkonia (oksaidi ya zirkoniamu) yenye itria (oksaidi ya itriamu) asilimia 3 ya moli, ile wanayoiita 3Y-TZP, unaivuta kwenye 1400 °C. Nishati inayohitajika kuiamsha iko kwenye kilojuli 500 hadi 600 kwa moli. Ukipiga hesabu, thamokapo ikikudanganya digrii 20 kasi ya kuvutika inabadilika kama mara 1.6 hivi, inaudhi lakini haiui. Ili kasi ishuke mara 100 kwa sababu ya joto peke yake, tanuru lazima liwe chini kwa digrii kama 175, na tanuru lililokosea hivyo hata fundi wa zamani atakuambia kwa kuangalia rangi ya moto tu. Lakini alumina (oksaidi ya alumini) ikiingiwa na kitu kigeni sehemu moja tu kwenye elfu inaweza kukupunguzia kasi mara 100 na macho yako yasione chochote, unga ni mweupe uleule, kipande ni cheupe kilekile, mizani inasoma vilevile. Ndo maana mimi naanzia mpakani.

Kwa nini mpakani? Kwa sababu kuvutika huku kwa superplastiki, yaani kurefuka sana bila kukatika, hakutokei ndani ya chembe. Fikiria gunia la maharagwe, ukilikandamiza linabadilika umbo lakini kila haragwe limebaki vilevile, yamehamahama tu na kutelezana. Zirkonia iliyovutwa vizuri ukiiangalia kwa mikroskopu ya elektroni unakuta chembe za nusu mikroni bado ni za mviringo, hazijarefuka kufuata mvuto, zimebadilishana majirani. Tofauti ni kwamba kwenye seramiki chembe zikitelezana lazima atomi zisafiri kupitia mipakani kwenda kuziba nafasi zinazofunguka kwenye kona, zisipofika kwa wakati kona inapasuka. Kwa hiyo kinachokaa mpakani ndicho kinachoamua mambo mengi.

Na mpakani ni padogo kuliko mnavyodhani. Chukua mpaka wa unene wa nanomita 1 na chembe za nusu mikroni, mipaka yote pamoja ni kama asilimia 0.6 tu ya kipande kizima. Uchafu wa asilimia 0.1 ukikimbilia wote huko, basi huko mpakani umekuwa karibu asilimia 17! Hiyo siyo uchafu tena, ni kiungo kamili cha mapishi. Chembe zikikua zikafika mikroni 5 mipaka inapungua mara kumi, uchafu uleule unakosa pa kukaa, unaanza kutengeneza vidimbwi vya glasi au fuwele ngeni kwenye kona. Yaani kipande kilekile, uchafu uleule, ukubwa wa chembe tofauti, kemia ya mpakani tofauti. Hili watu wanalisahau kila siku.

Kabla ya dalili, kumbuka tu kwamba kasi ya kuvutika inapanda na mkazo (nguvu kwa kila eneo) kwa kipeo n na inashuka na ukubwa wa chembe kwa kipeo p, na joto linaingia kwa ile nishati niliyotaja. Kwa zirkonia n huwa karibu na 2, p kati ya 1 na 3. Tutavihitaji mbele.

Dalili: mkazo uko juu sana, kipande hakitaki kabisa, hasa kama ni alumina

Hii ndiyo ninayoiona zaidi kwa hiyo nitakaa nayo. Umenunua alumina safi ya 99.99, umeisaga usiku kucha, umesinta (umechoma poda mpaka ikashikana), densiti nzuri, chembe ndogo, lakini ukiweka mzigo kwenye 1250 °C haisogei, au inasogea polepole mno kuliko ya wenzako mara kumi, mara hamsini, mara mia.

Swali la kwanza ninalouliza siyo la tanuru. Nauliza umesaga na mipira gani. Jibu ni "mipira ya zirkonia, si ndiyo migumu?" Ndiyo ni migumu, lakini inalika, na inapolika inaacha zirkonia na itria ndani ya alumina yako, na hizo mbili ndizo zinazojulikana kabisa kwa kuifunga alumina isitambae, yaani isibadilike umbo polepole chini ya mzigo, kwenye joto. Kikundi cha Sakuma na Ikuhara kule Tokyo walionyesha kwamba asilimia 0.1 ya moli ya oksaidi za zirkoniamu, itriamu au lutetiamu inatosha kushusha kasi ya kutambaa kwa alumina mpaka karibu mara mia.

Fanya hesabu ya mezani. Asilimia 0.1 ya moli ya zirkonia kwenye alumina ni kama asilimia 0.12 ya uzito. Ukisaga gramu 500 za alumina, gramu 0.6 tu za mpira zilizolika zinakutosha kuharibu jaribio zima. Gramu 0.6 kwenye mipira ya kilo moja huwezi kuiona kwa jicho, hata ukishika mpira mkononi hujui umepungua. Kijana mmoja wa labu nilimuuliza hilo swali akanijibu, "Mwalimu, mipira iko sawa, haijapungua hata mmoja." Nikamwambia, ssebo, usiihesabu, ipime. Akaiosha kwa ethanoli, akaikausha kwenye oveni, akaipima kwenye mizani ya desimali mbili, akaenda kutafuta daftari lenye uzito wa mwanzo, daftari halina kitu. Basi hapo ndo kazi inaanzia: kila mara kabla ya kusaga pima mipira ikiwa mikavu, andika, baada ya kusaga pima tena. Ni kipimo cha bei ya chini kuliko vyote nitakavyotaja humu na kinakamata wezi wengi zaidi.

Kwa nini vitu vidogo hivyo vina nguvu namna hiyo? Ioni ya itriamu ni kubwa, nusu kipenyo chake ni kama angstromu 0.90, ya alumini ni 0.54 hivi. Ndani ya fuwele ya alumina haipati nafasi, inasukumwa mpaka ifike mpakani ambako kuna nafasi kidogo, inatulia hapo. Zamani watu walidhani inaziba njia tu, kama gari bovu katikati ya barabara, lakini hesabu za kielektroni zilionyesha kwamba vifungo vya oksijeni vinavyoizunguka vinakuwa na nguvu zaidi, na mwaka 2006 ikatoka kazi ya mikroskopu iliyoonyesha atomi za itriamu zimekaa sehemu maalumu kabisa kwenye mpaka wa alumina, zimepangika, siyo zimemwagika ovyo. Kwa hiyo mpaka wenyewe umeimarishwa. Kama kazi yako ni kutengeneza kitu kisichotambaa kwenye joto basi hii ni dawa, furahi. Kama unataka kuvuta, ni sumu.

Tiba: saga alumina kwa mipira ya alumina. Lakini hapo pia kuna mtego, mipira ya bei rahisi ya alumina asilimia 92 au 95 ile sehemu iliyobaki ni silika (oksaidi ya silikoni), kalisi na magnesia (oksaidi ya magnesiamu), kwa hiyo umetoka kwenye tatizo hili ukaingia kwenye lile linalofuata. Tafuta mipira ya 99.5 kwenda juu, na chombo chenyewe cha kusagia ama kiwe cha alumina hiyohiyo ama cha plastiki ambayo ikilika inaungua na kuondoka wakati wa kuchoma. Na poda ambayo tayari imeshaingiwa na zirkonia usijidanganye kwamba utaiosha, haioshwi.

Dalili: inavutika kirahisi mwanzoni, halafu chembe nyingine zimekuwa majitu

Ukikata na kung'arisha unakuta bahari ya chembe ndogo na katikati kuna chembe chache ndefu, bapa, zenye kingo zilizonyooka kama zimekatwa na kisu. Kwenye alumina hiyo ni saini ya silika ikiwa na kalisi, au sodiamu, yaani glasi imelowesha baadhi ya mipaka na hiyo mipaka inakimbia kuliko mingine.

Hapa kwetu vyanzo ni vingi na vingi viko wazi tu. Chumba cha seramiki mara nyingi ni kimoja, upande huu mtu wa zirkonia, upande ule mtu wa vigae na vyungu anachekecha kaolini (udongo mweupe) ya Mutaka au ya Buwambo. Kaolini safi kabisa karibu nusu ya uzito wake ni silika, na anayetengeneza vyungu anachanganya na feldispa ambayo inabeba potasiamu na sodiamu. Vumbi hilo linatua kwenye ungo wako na kwenye chombo ulichoacha wazi ukaenda kula. Kiangazi ongeza vumbi jekundu la murram linaloingia dirishani, hilo lina chuma, silika na alumina ya udongo. Mbaya kuliko vyote ni tanuru lililochoma glezi, ile ngozi ya kioo ya vyungu. Glezi ikiiva inatoa mvuke wa alikali, unaganda kwenye matofali, wiki ijayo unaweka sampo yako mvuke unatoka matofalini unaingia ndani yake. Tanuru la glezi liwe la glezi, la majaribio liwe la majaribio. Kama huna uwezo huo basi funga sampo ndani ya kikombe cha alumina safi chenye kifuniko na uizike kwenye poda yake yenyewe.

Kwenye alumina kuna dawa ya zamani, magnesia kidogo sana. Coble wa General Electric kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 alionyesha kwamba inazuia chembe kukua ovyo na ndo ikatoka alumina inayopitisha mwanga ya taa za barabarani. Sehemu mia chache kwa milioni zinatosha. Usizidishe ukadhani ukiongeza zaidi ndo bora zaidi, ikizidi inatengeneza spineli, fuwele ya magnesia na alumina pamoja, ambayo ni habari nyingine.

Ila sasa msikimbie kuilaani silika popote mnapoikuta! Kwenye zirkonia mambo yamegeuka. Mwaka 1995 Kajihara, Yoshizawa na Sakuma walichukua zirkonia ya itria wakaitia silika asilimia 5 ya uzito kwa makusudi, wakaivuta kwenye 1400 °C mpaka asilimia 1038, yaani kipande cha sentimita 1 kikawa zaidi ya sentimita 11. Linganisha na Wakai ambaye mwaka 1986 alishangaza dunia kwa kuvuta zirkonia zaidi ya asilimia 100 tu kwenye 1450 °C. Watu wengi wanasoma hiyo na kusema ahaa, glasi imelainisha mipaka kama grisi. Kumbe walipoangalia mipaka ya kipande hicho kwa mikroskopu yenye nguvu, filamu ya glasi katikati ya chembe mbili hawakuiona. Glasi ilikuwa kwenye vidimbwi vya kona ambako chembe tatu zinakutana, na mpakani kwenyewe kulikuwa na silikoni iliyojikusanya kwenye upana wa nanomita chache tu, ndani ya fuwele. Kwa hiyo ile "grisi" siyo maelezo sahihi, ni kemia ya mpaka imebadilika na atomi zinasafiri kirahisi zaidi, na kona zimekuwa za mviringo kwa hiyo mkazo haurundikani mahali pamoja. Titania (oksaidi ya titaniamu) nayo na oksaidi ya jerimaniamu zinashusha mkazo wa zirkonia kwa njia ya kufanana na hiyo.

Na silika yenyewe inategemea imekuja na nani. Silika safi ni nzito kama ugali wa jana hata kwenye 1400 °C. Ikija na kalisi, sodiamu au bariamu inalegea. Kwa hiyo ukipima kwa eksirei ukaona "silika 0.2" usiishie hapo, tizama jirani zake kwenye orodha.

Dalili: imekatika mapema, haijakonda popote, sehemu iliyokatika ina vitundu

Chuma kikivutwa kinakonda kiuno halafu kinakatika. Seramiki ya superplastiki mara nyingi haikondi, inajaa vitundu kimyakimya halafu vinaungana na kupasuka. Pima densiti kwa njia ya Akimedi, yaani uzito hewani na uzito majini, kipande cha katikati kilichovutwa na kipande cha kichwani kilichoshikwa na mashini. Kama katikati imeshuka asilimia kadhaa na kichwa hakijashuka, una vitundu vya kuvutwa. Kama vyote viko chini, hukusinta vizuri toka mwanzo, rudi nyuma.

Vitundu vinatokea pale ambapo mtelezo unaenda haraka kuliko atomi zinavyoziba. Njia tatu: punguza kasi, punguza ukubwa wa chembe, au badilisha mpaka. Wengi wanaijua ya kwanza tu. Lakini angalia mkazo wako kwenye grafu, kwenye zirkonia zilizotiwa viongezi mbalimbali kuna mwelekeo mmoja unaojirudia, mkazo wa kuvuta ukishuka urefu wa kuvutika unapanda. Kwa hiyo kama mkazo wako ulikuwa megapaskali 60 ambapo wenzako walikuwa na 15 kwa kasi hiyohiyo na joto hilohilo, vitundu ni matokeo tu, ugonjwa ni ule wa sehemu ya kwanza, mpaka wako ni mgumu.

Tofautisha na vitundu ambavyo vimepangika karibu na kitu kimoja kigeni, bonge la poda lililoshikana au unywele ulioungua. Hivyo ni vya upishi wa unga, havihusiani na mpaka, tumia ungo mzuri.

Dalili: inaanza vizuri, halafu mkazo unapanda taratibu mpaka inakatika

Chembe zinakua wakati unavuta. Zikikua mara mbili na p yako ni 2 basi kasi inashuka mara 4, p ikiwa 3 inashuka mara 8. Kwa wale wanaovuta kwa kasi isiyobadilika, mkazo unapanda mara 2 hadi karibu 3. Huko ndiko kupanda unakokuona kwenye grafu, siyo mashini kuchoka.

Kuna kukua kwa sababu ya joto tu na kuna kukua kunakosukumwa na kuvutwa kwenyewe. Kipande chako kina jibu tayari, kichwa kimekaa kwenye joto lilelile kwa muda uleule bila kuvutwa. Ng'arisha vyote viwili, viunguze kidogo kwenye joto la chini ya lile la kusinta kwa digrii 100 hivi kwa nusu saa ili mipaka ijitokeze, pima chembe. Kichwa kikiwa na chembe ndogo na katikati kubwa, ni kuvutwa. Vyote vikubwa, ni muda mrefu motoni.

Hapo sasa ndo umeme unaingia kwa haki yake. Ukikatika katikati ya jaribio halafu ukarudi baada ya saa moja, tanuru linapanda tena, sampo imepata muda wa ziada kwenye joto, na mtu anaendelea kuvuta kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo data tupa. Au kama unaipenda sana basi ipe jina lingine, maana ukubwa wa chembe sio ule tena na kama nilivyosema kule juu mipaka imepungua, uchafu umejikusanya zaidi.

Kuzuia chembe zisikue njia inayofanya kazi kweli ni kuweka fuwele ya pili ambayo haiyeyuki kwenye ya kwanza, kila moja inamzuia mwenzake. Zirkonia na alumina asilimia 20 ni mchanganyiko wa kawaida. Kilele chake ni kazi ya Kim, Hiraga, Morita na Sakka kule Tsukuba mwaka 2001, zirkonia, alumina na spineli ya magnesiamu pamoja, wakavuta asilimia 1050 kwenye 1650 °C kwa kasi ya 0.4 kwa sekunde, yaani asilimia 40 ya urefu wa mwanzo kila sekunde. Nusu dakika umemaliza! Kabla ya hapo majaribio mengi yalikuwa yanakwenda kwa saa nzima na zaidi.

Dalili: magunia mawili ya poda moja yanatoa n tofauti

Mtu anapima n anapata 2, mwenzake na 3Y-TZP ya kampuni ileile anapata 3, wanaanza kugombana. Wote wanaweza kuwa sahihi. Zirkonia safi sana ina tabia ya n karibu 2 kwenye mkazo mkubwa na kupanda mpaka 3 na zaidi kwenye mkazo mdogo. Ile yenye uchafu wa alumina na silika inabaki kwenye 2 kote. Kwa nini iwe hivyo wanasayansi wamebishana miaka, wengine wanasema kuna mkazo wa kizingiti ambao chini yake hakuna mtelezo na unatokana na ioni za itriamu zilizojikusanya mpakani, wengine wanasema kinachochelewesha ni atomi kuingia na kutoka kwenye mpaka na siyo safari yenyewe. Mimi naegemea upande wa pili lakini kwa mtu wa labu haibadilishi kazi.

Kinachobadilisha ni hiki: usipime n kwa vipande vitatu vya mikazo mitatu ukaunganisha kwa rula. Tumia kipande kimoja, ruka mkazo juu, rudi chini, angalia kasi kabla na baada ya kuruka. Kasi ya chini isiporudi pale ilipokuwa, chembe zimekua, na n uliyopata ina uongo wa ukubwa wa chembe ndani yake. Halafu pima maeneo yote mawili, mkazo mdogo na mkubwa. Na andika namba ya gunia, siyo jina la kampuni tu, cheti cha uchambuzi kinafuata namba ya gunia.

Dalili: ni nitridi ya silikoni, na ukibana inafanya mambo ya ajabu

Huku sheria ni nyingine, nitapita haraka. Nitridi ya silikoni haisinti bila viongezi, itria na alumina, au magnesia, na hivyo vinaungana na silika iliyoko juu ya poda kutengeneza glasi. Hapa filamu ya glasi mpakani ipo kweli, unene kama nanomita 1, na ukilegeza glasi umelegeza kipande. Magnesia inalegeza zaidi, itria inakaza. Kipande kikikaza katikati ya jaribio angalia kama alfa inageuka beta (ni aina mbili za fuwele ya nitridi hii), chembe za beta ni ndefu kama sindano na zinajipanga zikizuiana. Ukibana siyaloni (nitridi ya silikoni iliyoingiwa na alumini na oksijeni) haraka ikakaza badala ya kulegea, hiyo ni tabia inayojulikana, chembe zimegusana baada ya glasi kusukumwa pembeni, punguza kasi. Ikipungua uzito inavunjika kikemia, ongeza naitrojeni.

Dalili: kipande kimetoka cheusi au kijivu

Zirkonia iliyobanwa kwenye grafaiti inatoka nyeusi kwa sababu imepoteza oksijeni, na pengine kaboni imeingia. Ukiivuta hivyohivyo hewani, oksijeni inarudi wakati unapima na kasi inabadilika chini ya mikono yako, na kama kuna kaboni imefungiwa ndani inageuka gesi, kipande kinavimba na unadhani ni superplastiki. Kiunguze kwanza hewani kwenye digrii 1000 hivi polepole mpaka kirudi cheupe, pima densiti tena, ndo uvute.

Ukifika mahali umepima mipira, umeangalia vumbi, densiti, chembe za kichwa na katikati, na bado hujaelewa, basi ni mpaka wenyewe unatakiwa kuonwa, na hiyo mikroskopu ya kupima kemia kwa nanomita utaipata nje ya nchi, kwa hiyo utatuma kwa posta na utapewa nafasi chache. Usitume kipande kimoja. Tuma cha kichwani na cha katikati kutoka sampo moja, na kipande cha tatu ambacho hakijarudi motoni kabisa baada ya kusinta. Juu ya bahasha andika joto, muda, mkazo wa mwisho, namba ya gunia, mipira ya nini, na kitu ambacho karibu kila mtu anakiacha, kilipoa kwa kasi gani, maana kipande kilichopoa usiku mzima ndani ya tanuru lililozimwa mpaka wake siyo ule uliokuwa unateleza kwenye 1400 °C, ioni zimepata muda wa kuhama na glasi ya kwenye kona pengine imeshaganda kuwa fuwele. Kama mashini inaruhusu, zima tanuru mzigo ukiwa bado juu na upoze haraka uwezavyo bila kupasua mabomba ya alumina.